Kisanduku cha Wi-Fi nyumbani: nani mwingine ana ufunguo?

Wiki hii tunaongea juu ya kile kisanduku kidogo chenye taa kinachogawa Wi-Fi. Wengine wanakiita ruta, wengine modemu, wengine boksi. Tunakiona katika maduka, shule na vituo vya afya, na sasa kinaingia pia katika nyumba za watu. Kuna vikundi vya wamama vinavyofikiria kuchanga pesa ili kununua kimoja kwa wote.

Kabla ya kuchanga, kuna jambo ambalo muuzaji mara nyingi halisemi. Kisanduku hicho kina milango miwili. Wa kwanza tunaujua: ni neno la siri la Wi-Fi, lile tunalowapa watoto na wageni. Wa pili hauonekani. Kupitia mlango huo, mtu aliye Goma, Kinshasa au nchi ya mbali anaweza kuingia ndani ya kisanduku, akakitengeneza, akakibadilisha au akakizima, bila kukanyaga kwako. Mlango huo si mbaya. Mara nyingi unatusaidia. Lakini mama anayelipa kila mwezi ana haki ya kujua ni nani anayeshika ufunguo wake.

Sola imekwisha kutufundisha

Mwenye sola ya kulipa kidogo kidogo anajua tayari jambo hili. Kampuni kama Bboxx, inayofanya kazi hapa Kongo, inauza sola ambayo mteja anailipa kwa simu. Ukilipa, taa zinawaka. Siku zako zikiisha, taa zinazimika, hata kama jua ni kali na batri imejaa. Hakuna fundi aliyepanda juu ya nyumba. Katika sola za namna hiyo, nyingine zina kadi ya simu ndani inayoongea na kampuni. Nyingine zinangoja namba unazotumiwa ili uzibonyeze wewe mwenyewe.

Hilo ndilo tunaita kusimamia kifaa kutoka mbali. Faida yake ni kwamba mama asiye na dola mia kwa mara moja anapata mwanga leo. Upande wa pili ni kwamba mwanga huo una mkono wa mtu mwingine juu yake mpaka deni liishe. Tulikubali kwa sababu tulijua masharti. Ruta nayo ina masharti ya namna hiyo, ila wengi wetu hatujawahi kuyasikia.

Jinsi ruta inavyoongea na kampuni

Zamani kila kiwanda cha ruta kilikuwa na njia yake. Kampuni ya intaneti iliyonunua ruta kwa viwanda vitano ingehitaji kujua njia tano za kuzitunza. Mteja akiharibikiwa, ilibidi fundi aende nyumbani. Ndiyo maana Mei 2004, umoja wa kampuni ulioitwa wakati ule DSL Forum, na leo unaitwa Broadband Forum, ulitoa kanuni zilizopewa namba TR-069. Kanuni hizo ni kama lugha moja ambayo ruta ya kiwanda chochote inaweza kuongea na kampuni yoyote. Umoja huo unasema kwamba vifaa vinavyoongea lugha hiyo duniani vimepita bilioni 1.

Mazungumzo yenyewe ni rahisi kuelewa. Ruta ikiwashwa, inapiga hodi kwenye kompyuta kubwa ya kampuni. Inasema: mimi ni ruta fulani, namba yangu ya kiwandani ni hii, programu iliyo ndani yangu ni ya toleo hili. Baadaye inarudia kila baada ya muda uliopangwa. Kampuni ikiwa na neno, inamwambia hapo hapo: soma hali ya koneksio yako unitumie, badilisha jina la Wi-Fi, pakua programu mpya, zima uwake tena, au futa yote na urudi ulivyotoka kiwandani.

Ndiyo sababu ukipiga simu kulalamika kwamba intaneti ni pole, mtu wa kampuni anaweza kukujibu: "Mama, ninaona simu kumi na nne zimeunganishwa kwako." Hana uchawi. Ruta imemwambia.

Tuseme wazi kile anachoweza kuona na kile asichoweza. Anaweza kuona ni simu ngapi zimeunganishwa, majina ya simu hizo, na koneksio ilikatika lini. Hasomi maneno unayomwandikia dada yako kwa WhatsApp, kwa sababu yanafungwa kwa siri ndani ya simu yako kabla hayajafika kwenye ruta. Na kuna jambo moja lililopangwa vizuri: kanuni hizo zilitaka kwamba kampuni ikiiuliza ruta neno lako la siri la Wi-Fi, ruta ijibu kwa kuonyesha nafasi tupu. Kampuni inaweza kukuwekea neno jipya ukiomba, lakini haikupaswa kulisoma la zamani. Aliyeandika kanuni hiyo alifikiria mwenye nyumba.

Sanduku la AVEC lina kufuli tatu

Sisi wamama tuna kiwango chetu, na ni kizuri. Katika AVEC zetu, sanduku la akiba linafungwa kwa kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wamama watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Mmoja akishawishika, au akitishwa njiani, sanduku halifunguki. Hatukuweka kufuli tatu kwa sababu tunadhani wenzetu ni wezi. Tuliziweka ili pasiwe na mtu mmoja wa kubeba mzigo huo peke yake.

Kanuni za mwaka 2004 zilifanana na sanduku la kufuli moja. Ruta ilikuwa na bwana mmoja, yaani kompyuta ya kampuni. Aliyeingia humo aliweza karibu kila kitu. Aprili 2018, Broadband Forum ikatoa kanuni mpya, TR-369. Katika hizo, ruta moja inaweza kuwa na wasimamizi wengi, na kila mmoja anapewa ruhusa yake: huyu anaruhusiwa kusoma hali ya koneksio tu, yule anaruhusiwa kubadilisha programu, na mwenye nyumba naye anaweza kuwa msimamizi kupitia simu yake. Ni mambo ya AVEC kabisa: kila mtu na ufunguo wake, na kila ufunguo na kazi yake.

Lakini kanuni iliyoandikwa ni jambo moja, na kifaa kilicho sokoni ni jambo lingine. Ruta nyingi za bei ndogo, hasa zilizokwisha kutumiwa na wengine, bado ni za kufuli moja. Nyingine zinauzwa zikiwa na neno la siri la kiwandani ambalo kila mtu analijua, kama vile "admin". Uingereza iliona hatari hiyo, na tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yake inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vyenye neno la siri la namna hiyo. Kwetu kazi hiyo inabaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Mlango wa pili ukiachwa wazi

Je, hatari hii ni ya kweli, au tunatishana bure? Tuangalie mambo mawili yaliyotokea.

Jumapili tarehe 27 Novemba 2016, huko Ujerumani, wateja wapata 900,000 wa kampuni Deutsche Telekom walianza kukosa intaneti, na wengi wakakosa pia simu na televisheni. Kuna mtu aliyekuwa akigonga mlango wa kusimamia ruta kutoka mbali, kwa maelfu ya nyumba kwa wakati mmoja. Alitaka kuzikamata ruta hizo ili zimfanyie kazi kama jeshi. Ruta za Wajerumani hazikukamatwa, lakini zilizidiwa na kugongwa huko zikaanguka.

Aliyefanya hivyo ni Mwingereza anayeitwa Daniel Kaye. Alikamatwa Februari 2017, na mahakama ya Ujerumani ikamhukumu mwaka huo huo. Januari 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32 kwa kosa lingine, na hapo ndipo Afrika inapoingia. Jeshi lake la vifaa vya watu alikuwa amelitumia kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia, kwa sababu mtu wa kampuni pinzani alikuwa akimlipa. Vifaa vya familia zisizojua lolote viligeuzwa silaha katika ugomvi wa biashara wa watu wengine.

Na ponyo lilitoka wapi? Lilitoka katika usimamizi ule ule wa kutoka mbali. Deutsche Telekom ilitengeneza programu mpya, ikawaomba wateja wachomoe ruta, wangoje kidogo, waichomeke tena, ili programu iingie yenyewe. Bila njia hiyo, mafundi wangegonga nyumba baada ya nyumba mpaka lini?

Jambo la pili lilitokea tarehe 24 Februari 2022, siku majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine. Watu fulani waliingia katika mtandao ambao kampuni Viasat ilikuwa ikiutumia kusimamia modemu zake za setilaiti. Kutoka humo walituma amri kwa modemu nyingi kwa pamoja, na amri hiyo ikafuta kumbukumbu zake. Makumi ya maelfu ya modemu yalikufa Ukraine na katika nchi nyingine za Ulaya. Hata Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo haikuweza tena kusimamiwa kutoka mbali. Viasat ilibidi itume karibu modemu 30,000 mpya. Modemu hazikuwa na kosa; zilitii amri iliyotoka mahali zilipozoea kupokea amri. Aliyeitoa ndiye hakuwa na haki.

Kwetu: jina la nani liko kwenye akaunti?

Hapa kwetu, ARPTC ndiyo inayosimamia mambo ya simu na intaneti nchini. Mwaka 2024 ilikumbusha watu kwamba Starlink haikuwa na ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Mei 2025 ikaipa ruhusa hiyo. Kwa sehemu kama Masisi na Walikale, ambako barabara ni mbaya na nguzo za simu ni chache, watu wengi wanaitazama antena ile kwa matumaini.

Starlink ina njia yake yenyewe ya kusimamia vifaa. Antena inapokea programu mpya kutoka kwa kampuni bila wewe kufanya kitu, na haiwezi kufanya kazi bila akaunti iliyosajiliwa. Anayeshika akaunti ndiye anayeshika antena. Sasa fikirieni kikundi cha wamama ishirini. Wanachanga miezi kadhaa, wanampa pesa kijana anayejua mambo hayo, naye anawaletea antena. Anaifunga vizuri, Wi-Fi inawaka, wote wanafurahi. Lakini alipoisajili alitumia barua pepe yake na namba yake ya simu. Siku akigombana na kikundi, au akihama, au simu yake ikiibwa, wamama wanabaki na sahani nyeupe juu ya bati. Pesa ni zao, lakini ufunguo si wao. Kijana huyo anaweza kuwa mwema kabisa, na shida ikatokea vilevile.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa Kitshanga hatuwezi kulisahau. Januari 2023 vita vilipofika hapa, wengi waliacha nyumba na yote yaliyomo. Kifaa kinachobaki nyuma kinaweza kuingia mikononi mwa mtu yeyote. Mama mwenye akaunti kwa jina lake, anayekumbuka neno lake la siri, anaweza akiwa mbali kusimamisha malipo ya mwezi unaofuata ili asiendelee kukatwa pesa. Asiye na akaunti hawezi kitu.

Na wakati wa vita, habari ya nani alikuwa nyumbani na saa ngapi si habari ndogo. Simu nyingi zinajitaja kwa jina la mwenyewe zinapoingia kwenye Wi-Fi. Ukiipa simu yako jina lako lote na la mume wako, ruta inaliona, na anayeingia ndani ya ruta analiona pia. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna sehemu inayolinda habari za mtu binafsi. Ni vizuri kujua kwamba sheria ipo. Lakini tusingoje sheria ifike Masisi ndipo tubadilishe jina la simu.

Maswali kwa muuzaji, kabla ya kutoa pesa

Mama presidenti na mama mtunza pesa waende pamoja, na waulize haya bila haya:

1. Kifaa hiki kinasimamiwa kutoka mbali na nani? Ni kampuni ya intaneti, ni wewe muuzaji, au ni mtu mwingine?
2. Akaunti itakuwa kwa jina na barua pepe ya nani? Jibu zuri ni moja tu: ya kikundi. Barua pepe ifunguliwe mbele ya wote, na neno lake la siri lishikwe na wamama wawili.
3. Kama kimetumika, mwenye zamani amekitoa kwenye akaunti yake? Antena ya Starlink ambayo bado iko kwenye akaunti ya mtu mwingine haitakufaa. Aitoe mbele yako, ndipo umlipe.
4. Kampuni bado inatoa programu mpya kwa kifaa hiki, au ilikwisha kukiacha?

Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, pesa zirudi kwenye sanduku.

Mambo ya kufanya nyumbani

Badilisha maneno mawili ya siri, si moja. La kwanza ni la Wi-Fi. La pili ni la kuingia ndani ya ruta yenyewe, lile la kiwandani. Kama huwezi, mwombe fundi alibadilishe mbele yako, na wewe uandike neno jipya kwa mkono wako. Akiondoka, badilisha tena.

Jina la Wi-Fi lisiwe jina la familia wala la kikundi. Liite "Maembe" au "Ngoma", inatosha.

Usizuie programu mpya. Ndizo zinazofunga matundu ambayo wezi wanapitia. Kwa kampuni nyingi zinakuja usiku watu wakiwa wamelala. Kama unazima ruta kila jioni ili kutunza batri, iache iwake usiku mmoja mmoja batri ikiwa na nguvu.

Taa zikipepesa kwa namna usiyoizoea, usichomoe haraka. Pengine kifaa kinapokea programu, na umeme ukikatika katikati kinaweza kufa. Ngoja dakika kumi na tano kwanza. Waambie watoto pia.

Jihadharini na simu za uongo. Mtu anaweza kupiga akisema: "Mama, mimi ni wa kampuni, ruta yako ina virusi, nipe kode yako ya M-Pesa niitengeneze." Kata simu. Anayesimamia ruta kutoka mbali kwa haki ana ufunguo wake tayari. Hahitaji kode yako ya M-Pesa, ya Airtel Money wala ya Orange Money, na hahitaji zile namba zinazoingia kwa ujumbe. Mwenye shaka aipigie kampuni mwenyewe kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mkataba.

Kwa mkutano unaokuja

Tunaomba kila kikundi chenye ruta, antena au sola ya kulipa kidogo kidogo kifanye kazi moja ndogo katika mkutano unaokuja. Katika daftari la AVEC, baada ya ukurasa wa akiba, andikeni: kifaa gani, namba yake ya kiwandani, akaunti iko kwa jina la nani, nani wawili wanajua neno la siri, na kampuni inapigiwa kwa namba gani. Neno la siri lenyewe lisiandikwe humo. Mkikuta nafasi ya jina la akaunti haina jina la mama hata mmoja wa kikundi, anzeni na hilo, kabla ya mchango wa mwezi ujao.